Kidevu Kilichosahauliwa

Ziweke helmeti tatu mezani, kisha zitazame kwa ubavu. Ya kwanza, ya baiskeli, inaishia juu ya masikio. Ya pili, ile inayoonekana sana kwa madereva wa bodaboda, inashuka hadi masikioni na kisogoni lakini inauacha uso wazi. Ya tatu inazunguka mbele ya mdomo na kuuziba uso mzima, ikaacha dirisha la macho tu. Kinachozitofautisha zaidi ni sehemu ndogo ya kichwa, kuanzia puani hadi kidevuni, na sehemu hiyo ndiyo iliyochelewa kupata kinga kuliko nyingine zote. Tangu helmeti za kwanza za mbio za pikipiki zilipovaliwa mwaka 1914 hadi helmeti ya kukinga kidevu ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipita zaidi ya nusu karne. Leo kimekuja chombo kipya, gurudumu moja la umeme ambalo mtu husimama juu yake bila usukani, na waendeshaji wake wamerudi kwenye swali lile lile. Wengi wanalijibu kwa helmeti ya baiskeli. Naamini wanakosea, na kosa lenyewe lina historia. Kila chombo kipya cha kasi huanza kwa kuazima helmeti ya chombo kilichotangulia, na wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hupita miaka na majeruhi wengi kabla watu hawajauliza swali la msingi: mtu wa chombo hiki huangukaje?

Mwanzo uko Brooklands, kusini mwa Uingereza, kwenye uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1907. Daktari wa uwanja huo, Eric Gardner, alikuwa akiletewa mara kwa mara waendesha pikipiki walioumia vichwa, hata akaona haitoshi kungoja waanguke ndipo awatibu. Alimwendea fundi mmoja aliyeitwa Moss huko Bethnal Green, mashariki mwa London, akamtengenezea kofia za turubai lililopakwa sheleki mpaka likakauka na kuwa gumu. Chama kilichosimamia mchezo huo kilizikataa kwanza, kisha kikazifanya sharti katika mbio za Tourist Trophy za kisiwa cha Man mwaka 1914. Gardner anastahili heshima kwa sababu alianza na majeruhi, si na kofia. Lakini alikuwa akipigana na kifo, na kifo cha mwendeshaji mara nyingi hupitia kwenye ubongo. Kwa hiyo kofia yake ilikuwa bakuli la kufunika utosi. Uso uliachiwa miwani ya vumbi, na umbo hilo la bakuli likadumu kwa miongo kadhaa.

Hatua ya pili ilitokana na kifo cha mtu mmoja maarufu. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, ofisa wa Uingereza aliyepata jina katika uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumba yake ya Clouds Hill, Dorset, alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuvaa helmeti. Alikufa siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Cairns akaanza kuhesabu. Makala yake ya mwaka 1941 katika jarida la madaktari wa Uingereza yalionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 1,884 walikufa barabarani, dhidi ya 1,279 katika miezi 21 iliyotangulia. Theluthi mbili ya vifo alivyovichunguza vilitokana na majeraha ya kichwa. Waliovaa helmeti katika orodha yake walikuwa saba tu, na wote saba walinusurika. Kabla mwaka huo haujaisha jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake wavae helmeti. Ni ushahidi mzito, na mtu wa leo anayebisha kwamba helmeti ni pambo angepaswa kuanzia hapo. Hata hivyo, Cairns naye alikuwa mtaalamu wa ubongo. Alihesabu vichwa, hakuhesabu mataya.

Hadi hapo helmeti ilikuwa kitu kigumu cha kupokea pigo. Kilichoibadilisha ni uelewa wa jinsi pigo lenyewe linavyofanya kazi, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa hoja yote ya kidevu inasimama juu yake. Mwaka 1947 Charles Lombard, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliomba hataza ya helmeti yenye tabaka mbili: ganda la nje la kutawanya pigo, na ndani yake kitu kinachopondeka. Hataza ilitolewa mwaka 1953. Kitu hicho kikaja kuwa povu gumu la polistirini, lile jeupe linalokuja na televisheni ndani ya boksi. Ukilitazama kwa karibu utaona ni punje nyingi ndogo zilizobanana, kila punje ikiwa imejaa vijumba vya hewa. Pigo likija, kuta za vijumba hivyo huvunjika na hewa hubanwa, na povu halirudi tena kama sponji inavyorudi. Linakufa mara moja, na kwa kufa kwake linanunua nafasi ya kusimama. Tuseme kichwa kinafika chini kwa mita 6 kwa sekunde. Kikisimama ndani ya milimita 2, ambazo ni ukarimu wa ngozi na nyama tu, mshtuko wake ni takriban mara 900 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kikisimama ndani ya sentimita 2 na nusu za povu linalopondeka, mshtuko unashuka hadi takriban mara 73. Kiwango cha helmeti za baiskeli cha Ulaya kinaweka ukomo kwenye mara 250. Kwa maneno mengine, yanayookoa ni hayo masafa mafupi ya kusimama, na pasipo na povu, masafa hayo hayapo. Kwenye kidevu kilicho wazi hakuna kitu cha kupondeka isipokuwa kidevu chenyewe.

Wajenzi wa helmeti za mbio ndio waliovuka mpaka huo, na walivuka kabla ya sheria. Kampuni ya Bell ya California, iliyotokana na duka la vipuri la Roy Richter, ilitoa helmeti yake ya Bell 500 mwaka 1954. Mwaka 1956 dereva aliyeitwa Pete Snell alikufa katika mbio kwa majeraha ya kichwa ingawa alikuwa amevaa helmeti ya wakati huo, na mwaka uliofuata rafiki zake, wakiongozwa na daktari George Snively, wakaanzisha taasisi ya kupima helmeti iliyobeba jina lake. Miaka kumi na kitu baadaye ikaja Bell Star, helmeti iliyokamilisha duara mbele ya mdomo. Mwaka 1968 Dan Gurney aliivaa katika mbio za Indianapolis 500, na mwaka huo huo akaipeleka kwenye Formula 1. Gurney alikuwa mtu mrefu, na gari za mbio za siku zile hazikuwa na paa. Mawe yaliyorushwa na matairi ya waliotangulia na upepo vilimkuta usoni. Kwa muda mfupi wenzake wakamfuata. Mwaka 1971 Bell ikatoa helmeti ya uso mzima kwa ajili ya pikipiki za matope: kidevu chake kilisogezwa mbele ili mwendeshaji anayehema kwa nguvu apate hewa, na juu ukawekwa ukingo wa kukinga jua na tope. Huyo ndiye babu wa helmeti za leo za baiskeli za kuteremka milima, ambazo waendeshaji wengi wa gurudumu moja wanazichagua. Angalia ukoo huo: hakuna mtu katika mlolongo huo aliyesubiri serikali imwambie kwamba ana uso.

Serikali zilikuja nyuma, na zilipokuja zilitazama utosi. Jimbo la Victoria huko Australia lililazimisha helmeti kwa waendesha pikipiki mwaka 1961, Uingereza mwaka 1973. Kiwango cha serikali kuu ya Marekani kilichoanza kutumika mwaka 1974, kile ambacho alama yake ya DOT hubandikwa kisogoni mwa helmeti, kinapima ganda la juu, mkanda na uwezo wa kuzuia kitu chenye ncha kupenya, lakini hakipimi kidevu. Helmeti ya uso mzima inaweza kuwa na alama hiyo huku sehemu yake ya mbele haijawahi kugongwa kwenye kipimo hicho hata mara moja. Huo si uhalifu wa mtengenezaji yeyote. Ni kumbukumbu ya enzi ambayo kiwango kiliandikwa. Ulaya ilikwenda tofauti kidogo. Kanuni yake namba 22, ya mwaka 1972, imerekebishwa mara kadhaa, na katika matoleo ya karibuni helmeti inayodai kukinga uso lazima kidevu chake kidondoshwe juu ya fuawe ya chuma kama utosi unavyodondoshwa. Taasisi ya Snell nayo iliongeza kipimo chake cha kidevu.

Kwa nini waliongeza? Kwa sababu hatimaye kuna watu walioketi wakachora ramani ya mapigo. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, chuo kile kile cha Lombard, walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles walizozichunguza moja moja, barabarani na hospitalini. Waligundua kwamba helmeti ya uso mzima inapunguza majeraha ya uso kwa kiasi kikubwa. Miaka kumi baadaye, huko Hannover, Ujerumani, Dietmar Otte alionyesha mahali helmeti za watu walioanguka zilipogongwa, na takriban theluthi moja ya mapigo ilikuwa mbele, kidevuni na kwenye taya. Picha ya helmeti iliyogawanywa vipande vyenye asilimia, ambayo imesambaa sana miongoni mwa waendesha pikipiki, inatokana na kazi yake. Theluthi moja! Utosi, ambao kwa miaka 50 ulikuwa ndio kichwa chote machoni pa watengenezaji, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizogongwa kidogo.

Gurudumu moja la umeme lilizaliwa baada ya elimu hii yote kupatikana, na bado likaanza upya. Mwaka 2011 Shane Chen, mvumbuzi mzaliwa wa Beijing anayeishi jimbo la Washington, Marekani, aliuza Solowheel: gurudumu moja katikati ya miguu, vikanyagio viwili vya kukunja, na kifaa cha kupima mwinamo kinachoiambia mota ikimbie mbele au irudi nyuma. Kasi yake ilikuwa kama kilomita 16 kwa saa. Kwa chombo cha namna hiyo helmeti ya baiskeli ilikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa mtu akipoteza mizani kwa kasi hiyo huruka chini, akakimbia hatua tatu nne na kusimama. Tena jina lenyewe lilielekeza huko. Baiskeli ya sarakasi ya gurudumu moja, ya pedali, imekuwapo tangu karne ya 19, na mpandaji wake mara nyingi huangukia miguu yake. Helmeti iliyoazimwa, basi, ilikuwa ya mtu wa baiskeli: ile ambayo Bell iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 kwa jina la Biker, na ambayo Ulaya iliipangia kiwango namba EN 1078 katika miaka ya 1990. Kiwango hicho hakina hata sentensi moja ya kupima kidevu.

Kisha chombo kikabadilika na helmeti ikabaki. Viwanda vya China, vingi vikiwa Shenzhen na miji ya jirani, vilichukua wazo la Chen na kulikuza: Gotway ambayo sasa inaitwa Begode, King Song, InMotion, Ninebot. Betri zikaongezwa volti mwaka hadi mwaka, kwa kuwa volti ndiyo inayoamua mota itazunguka kwa kasi gani kabla ya kuishiwa. Mwaka 2020 King Song na InMotion zilitoa magurudumu yenye shokapu za kuchukua mashimo, na mwaka huo huo ikaja Veteran Sherman yenye betri ya wati-saa 3,200. Leo kuna magurudumu yanayopita kilomita 70 kwa saa. Ni kasi ya pikipiki, lakini katika sheria za nchi nyingi chombo hiki bado kinapangwa kwa sura yake. Ufaransa mwaka 2019 ilikiweka pamoja na skuta za umeme, ikakiwekea ukomo wa kilomita 25 kwa saa bila kulazimisha helmeti mjini. Ujerumani mwaka huo huo ilitaka vyombo vya aina hii viwe na usukani au mhimili wa kushikia, na gurudumu moja likabaki nje ya barabara.

Lakini kasi peke yake haitoshi kuieleza hatari. Gurudumu hili lina namna yake ya kuanguka. Mwendeshaji akitaka kwenda mbele huinama mbele, na mota hukimbiza gurudumu ili lirudi chini ya uzito wake. Safari nzima ni kuanguka kunakookolewa kila sekunde. Sasa mota inayozunguka kwa kasi huzalisha umeme wa kupinga ule wa betri, na kadiri kasi inavyopanda, akiba ya nguvu ya kumwinua mtu inapungua. Betri ikishuka, ukomo huo nao unashuka. Chombo kizuri huonya: hulia, kisha huinua ncha za vikanyagio ili kumrudisha mtu nyuma. Asiposikia, au akikutana na shimo, tuta au upepo wa uso wakati akiba imekwisha, mota haina tena cha kutoa. Gurudumu linaacha kumkimbilia, na mtu aliyekuwa ameinama mbele anaendelea kwenda kule alikokuwa ameelekea. Hakuna usukani wa kushika. Hakuna tangi la mafuta mbele ya mapaja. Mikono inatangulia, kisha magoti, na kama mikono haikuhimili, uso. Kukimbia hakusaidii: Usain Bolt alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 huko Berlin mwaka 2009, wastani wa kasi yake ulikuwa chini ya kilomita 38 kwa saa, naye alikuwa na viatu vya miiba, uwanja laini na miaka ya mazoezi. Ikiwa theluthi ya mapigo ya waendesha pikipiki, wenye usukani na tangi, huangukia kidevuni, ni vigumu kuona kwa hoja ipi mtu anayeanguka kifudifudi atajipangia sehemu ndogo zaidi.

Kuna pingamizi la kifizikia linalostahili jibu, kwa kuwa linatolewa na watu wanaofikiri. Wanasema: kwenye barabara tambarare, nguvu ya kichwa kugonga lami hutokana na urefu wa kuanguka, haitokani na mwendo wa mbele. Mtu wa kilomita 20 kwa saa na mtu wa kilomita 60, wote kichwa chao kinashuka kutoka urefu ule ule. Basi helmeti ya baiskeli inatosha. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni sahihi. Ila hesabu haiishii hapo. Helmeti ya baiskeli ya Ulaya hupimwa kwa kudondoshwa kutoka kama mita moja na nusu, yaani kwa kasi ya mita 5.4 kwa sekunde. Mtu mzima aliyesimama juu ya vikanyagio ana kichwa karibu na mita 1.9 kutoka chini, na kutoka hapo kichwa hufika ardhini kwa mita 6.1 kwa sekunde. Akianguka amenyooka kama mnazi uliokatwa shinani, ncha hufika kwa kasi zaidi ya kitu kinachodondoka chenyewe, karibu mita 7.5 kwa sekunde. Na barabara si tambarare siku zote. Kuna kingo za njia, nguzo, magari yaliyoegeshwa, na hapo mwendo wote wa mbele unarudi kwenye hesabu. Lami nayo inasaga: kwa kilomita 60 kwa saa mtu husereleka mita nyingi kabla ya kusimama, na kitu kinachogusa lami muda wote huo ndicho kitakachopungua. Zaidi ya yote, pingamizi hili linazungumzia kiasi cha pigo, halizungumzii mahali. Helmeti ya baiskeli iliyo bora kuliko zote duniani haina chochote cha kusema pigo likija kidevuni.

Pingamizi la joto ni la kweli, na msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Ndani ya helmeti ya uso mzima mwezi wa Februari jasho linaingia machoni na kioo kinapata ukungu wa pumzi. Simlaumu mtu wa bodaboda anayechagua uso wazi akiwa na saa kumi za kazi juani. Lakini joto ni hoja ya kuchagua helmeti ya uso mzima yenye matundu mapana, kama zile za matope zilizotokana na uamuzi wa mwaka 1971, si hoja ya kuacha kidevu. Kuhusu kusikia na kuona, ripoti ya Hurt ilichunguza madai hayo katika ajali zile 900 na haikupata hata moja ambayo helmeti ilichangia kuisababisha kwa kuzuia sauti, kuziba macho au kumchosha mtu. Hata majeraha ya shingo yalikuwa machache zaidi kwa waliovaa. Gurudumu moja linalia kengele ya onyo, ndiyo, lakini onyo lake la mwisho linakuja miguuni, kwenye vikanyagio, na nyayo hazivai helmeti. Wengine huogopa kwamba pigo la kidevuni hupitia kwenye ganda hadi chini ya fuvu. Madaktari wamelijadili jambo hilo kwa uzito, na ni haki kulijadili. Ila taya iliyo wazi nayo imeungana na fuvu mbele kidogo ya sikio, na pigo lake linapita njia hiyo hiyo bila kupunguzwa na kitu. Kinachotakiwa ni kidevu cha helmeti chenye povu la kupondeka ndani yake.

Mwisho kuna wale wanaosema kwamba mtu akijihisi salama ataongeza kasi. Huenda wapo wanaofanya hivyo. Lakini gurudumu lenyewe lilifika kilomita 70 kwa saa wakati wengi bado wanavaa helmeti za baiskeli, kwa hiyo si helmeti iliyolipa mbio.

Uchaguzi, basi, ufuate anguko la chombo, usifuate jina lake. Kwa anayekwenda polepole, chini ya kilomita 40 kwa saa na mbali na magari, helmeti ya baiskeli za kuteremka milima inatosha kwa maoni yangu, mradi iwe imepimwa kwa kiwango cha Marekani cha ASTM F1952, ambacho tofauti na EN 1078 kinapima kidevu. Ni nyepesi, na wepesi una thamani kwa mtu anayegeuza kichwa kila mara bila vioo vya pembeni. Zaidi ya kasi hiyo, au katikati ya magari, namshauri mtu achukue helmeti ya pikipiki iliyopitishwa kwa kanuni ya Ulaya namba 22, toleo la 06 akilipata, kwa kuwa linapima kasi kadhaa za pigo na pia pigo la mshazari linalokizungusha kichwa. Kitambulisho chake kimeshonwa kwenye mkanda wa kidevu: duara lenye herufi E, kisha namba, kisha herufi za aina ya helmeti. P maana yake kidevu kimepimwa na kinakinga. J ni helmeti ya uso wazi. NP ni ya kuangalia sana, kwa sababu ina umbo la kuziba mdomo lakini watengenezaji wenyewe wamekiri kwamba sehemu hiyo haikingi. Zile za kufunua kidevu kama mlango zikiwa na P na J pamoja, zimepimwa kwa hali zote mbili, ila kinga ya kidevu ipo tu mlango ukiwa umefungwa.

Baada ya herufi, kipimo cha kichwa. Futi ya fundi cherehani izungushwe juu kidogo ya nyusi na pale kisogo kinapotokeza zaidi. Helmeti mpya inapaswa kuyabana mashavu kiasi cha mtu kujiuma akitafuna, maana sponji za mashavuni hulegea baada ya wiki chache. Funga mkanda, mwambie mtu aliyesimama nyuma yako aishike helmeti kisogoni na kuivuta kuelekea mbele. Ikivuka nyusi na kufunika macho, ni kubwa, hata ikiwa na herufi zote zinazotakiwa, kwa kuwa mtu anayeanguka mbele ndiye anayevuliwa helmeti kwa njia hiyo hiyo. Kisha ingiza mkono ndani, mbele, pale mdomo unapokaa, na ubonyeze kwa dole gumba. Unatafuta povu gumu, lile lile la ndani ya boksi la televisheni, lenye unene unaohisika chini ya kitambaa. Dole likizama kwenye sponji laini na kufika moja kwa moja kwenye ganda, irudishe rafuni.